Froome alikuwa na miguu, Wiggins alikuwa na timu

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, simu yangu imeanza kupokea maswali ambayo haikuwahi kuyapokea. Watu wale wale wanaonitumia meseji usiku wa manane kutaka kujua nani aanze namba tisa, sasa wananiuliza mambo ya gia na milima. Ni jambo jema. Rwanda imetufungulia mlango, na waliochungulia wameona kwamba huko ndani nako kuna usajili, kuna mabenchi, kuna umbeya na kuna fitina. Wamejiona wako nyumbani.

Kijana mmoja wa Temeke, shabiki wa Yanga asiyejificha, aliniandikia hivi: "Kaka, nimeona klipu ya zamani. Jamaa yuko mlimani anapanda kama ngedere, halafu anageuka nyuma anamsubiri mwenzake aliyechoka. Ule si ujinga? Straika gani anafika golini halafu anasimama kumsubiri nahodha?"

Klipu hiyo naijua. Ni Julai 19, 2012, milima ya Pyrenees, hatua ya 17 ya Tour de France, inamalizikia Peyragudes. Anayepanda kama ngedere ni Chris Froome, mtoto aliyezaliwa Nairobi. Anayesubiriwa ni Bradley Wiggins, amevaa jezi ya njano. Wote wawili ni wa timu moja, Team Sky ya Uingereza. Froome anatangulia mita chache, anageuka, anamwita kwa mkono, anatangulia tena, anageuka tena. Mbele yao yuko Alejandro Valverde peke yake, na siku hiyo Valverde alishinda kwa sekunde 19. Froome akamaliza wa pili, Wiggins wa tatu, muda mmoja.

Nimelifikiria swali la huyu mdogo wangu kwa siku kadhaa, maana jibu la haraka ni rahisi mno. Jibu la haraka ni kwamba aliambiwa asubiri, akasubiri. Lakini nani alimwambia, lini, na alikuwa ameahidiwa nini kabla ya hapo? Hapo ndipo kuna kesi. Na kesi yenyewe, tukiiangalia vizuri, tunaiona kila msimu kwenye vyumba vyetu vya kubadilishia nguo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Tour de France ni wiki tatu, mwaka ule karibu kilomita 3,500. Anayeshinda ni yule ambaye ukijumlisha saa zake za siku zote ni chache kuliko za wengine. Kila timu ilikuwa na watu tisa (siku hizi ni wanane), na kati ya hao mmoja ndiye kiongozi. Wengine wote kazi yao ni yeye. Wanakaa mbele yake kumkatia upepo, kwa sababu anayekaa nyuma ya tairi la mwenzake anatumia nguvu kidogo sana kuliko aliye mbele. Wanarudi nyuma kwenye gari la timu kubeba chupa za maji, wanazijaza mgongoni ndani ya jezi, wanapanda nazo tena mbele. Kiongozi akipata pancha, mwenzake anavua tairi lake na kumpa. Wakati mwingine anampa baiskeli nzima. Ndiyo maana kwa desturi mshindi wa Tour hali pesa ya zawadi peke yake, inagawiwa kwa wenzake.

Kwa hiyo huu si mchezo wa mtu mmoja, kama wengi tunavyodhani. Ni timu ambayo jina moja tu ndilo linaandikwa kwenye kombe. Fikiria klabu yako ishinde ligi, halafu medali apewe straika pekee, na beki wa kati aliyevunjika pua mara mbili apigiwe makofi tu. Sasa fikiria kuwa kuna mastraika wawili, na wote wanajua kwamba medali ni moja.

Wiggins hakuwa mtu wa milima kwa asili. Alikuwa mtu wa uwanja wa ndani, wa kuzunguka kwenye mbao, na alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mbio za kufukuzana mwaka 2004 na 2008. Mwaka 2009 akawashangaza watu kwa kumaliza miongoni mwa wale wa juu kabisa katika Tour. Mwaka 2010, akiwa amehamia Sky kama staa wa usajili, akamaliza wa 24. Mwaka 2011 akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega katika hatua ya saba. Ukifika hapo na umri wako umepita miaka 30, unajua dirisha linafungwa.

Sky wakaamua kumjenga upya. Na hapa nataka watu wa mpira wasome polepole, maana maandalizi ya mwaka 2012 ni somo. Walimchukua Tim Kerrison, Mwaustralia ambaye alitoka kwenye kuogelea, hakuwa mtu wa baiskeli hata kidogo. Kerrison hakuuliza "tumezoeaje kufanya", aliuliza "mbio hizi zinadai nini". Ratiba ya Tour ya 2012 ilipotoka, ilionekana ina zaidi ya kilomita 100 za kukimbia dhidi ya saa, mtu peke yake, bila wa kumkatia upepo. Na hatua za kumalizikia kileleni zilikuwa tatu tu: La Planche des Belles Filles, La Toussuire na Peyragudes. Ni sawa na kupangiwa uwanja unaoujua nyasi zake. Wiggins dhidi ya saa alikuwa hatari kuliko karibu kila mtu duniani. Kilichobaki ni asiachwe milimani.

Wakaenda Tenerife, kwenye mlima Teide, wakalala hotelini zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna baa, hakuna mji, kuna mawe na barabara ya kupanda. Walifanya mazoezi ya kuendesha kwa kasi moja ngumu isiyobadilika, wakisoma kwenye mita ndogo ya usukani ni wati ngapi wanatoa. Wazo lilikuwa hili: siku ya mbio, wasaidizi watapanda kwa kasi kubwa kiasi kwamba yeyote atakayechomoka atakuwa anajiua mwenyewe. Muache aende, usimfuate, atarudi. Hakuna mihemko. Wengi walisema inachosha kutazama, na mimi nakiri nilikuwa mmoja wao. Ni kama timu inayokaa na mpira dakika 70 bila kupiga shuti. Lakini ilishinda. Wiggins alichukua Paris–Nice, akachukua Romandie, akachukua Dauphiné, yote mwaka huo huo kabla ya Tour. Kwenye Dauphiné, Sky walitoa wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa pili alikuwa Michael Rogers. Wa nne alikuwa Froome.

(Siwezi kuandika habari za maandalizi yale nikaacha upande mwingine. Machi 2018 kamati ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti ikisema timu hiyo ilivuka mstari wa kimaadili katika matumizi ya dawa zilizoruhusiwa kwa vibali vya wagonjwa. Wiggins alikanusha kwamba alitafuta faida kwa njia hiyo, na hakufungiwa. Msomaji aliweke hilo mfukoni tunapoendelea.)

Sasa Froome. Huyu ni wetu kwa namna fulani, na kwa namna fulani si wetu. Alijifunza baiskeli Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, mikononi mwa David Kinjah, nahodha wa Kenya mwenye rasta, ambaye nyumba yake ilikuwa kambi ya vijana wa mtaa aliowaita Safari Simbaz. Mzungu mdogo mwembamba katikati ya vijana wa Kikuyu, akipanda na kushuka milima ya huko. Baadaye akaenda shule Afrika Kusini. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne, na mwaka huo huo akaenda mashindano ya dunia ya vijana Salzburg, ambako aligonga msimamizi muda mfupi tu baada ya kuanza. Alienda kule kwa kujiandikisha mwenyewe kupitia barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kitabuni, na mtu yeyote aliyewahi kushughulika na vyama vya michezo ukanda huu atacheka, kisha ataacha kucheka. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza.

Alipofika Sky mwaka 2010 hakuwa na maajabu. Leo anaendesha kama shetani, kesho anakuwa wa mwisho. Mwishoni mwa mwaka huo wakapima damu wakakuta ana kichocho. Watu wa Mwanza na Musoma hawahitaji kuelezwa kichocho ni nini. Mdudu wa majini alikuwa anakunywa damu ya mtu anayelipwa kwa ajili ya damu yake.

Halafu ikaja Vuelta ya Hispania, 2011. Froome aliingia kama mbeba maji wa Wiggins. Katika hatua ya 10 kule Salamanca, siku ya kukimbia dhidi ya saa, akamshinda bosi wake na kuvaa jezi nyekundu ya uongozi. Katika hatua iliyofuata alifanya nini? Alivuta mbele kwa ajili ya Wiggins akiwa amevaa jezi hiyo hiyo nyekundu, akachoka, akaachwa, na jezi ikahamia kwa Wiggins. Siku chache baadaye, kwenye mlima Angliru, Wiggins akaishiwa. Juan José Cobo akaondoka. Froome ndipo akaruhusiwa kuwa Froome, akashinda Peña Cabarga, lakini Vuelta ikaisha akiwa nyuma ya Cobo kwa sekunde 13. Sekunde 13 baada ya wiki tatu! Muda aliopoteza kwa kumvuta Wiggins siku moja tu ulizidi hapo. Miaka minane baadaye, 2019, Cobo alinyang'anywa ushindi kwa kosa la dawa na Froome akatangazwa mshindi. Kombe la karatasi. Huwezi kurudisha jioni ile ya Madrid.

Hapa ndipo naona kosa la kwanza la wakubwa wa Sky, na ndilo kosa zima. Baada ya Vuelta ile, Froome alisaini mkataba mpya. Ameeleza mwenyewe kwamba aliusaini akiamini kuwa mwaka 2012 atapewa nafasi yake katika Tour. Wiggins naye alikwenda Teide akiamini kuwa timu nzima, pamoja na Froome, iko kwa ajili yake. Mkuu wa timu, Dave Brailsford, alikuwa na watu wawili ambao kila mmoja alitoka ofisini kwake akitabasamu. Mimi nikisikia wachezaji wawili wa nafasi moja wametoka ofisini wote wanatabasamu, najua kuna mmoja ameongopewa.

Tena hawakuwa wawili tu. Mark Cavendish, bingwa wa dunia wakati huo, mtu wa kasi za mwisho, naye alikuwemo kikosini. Bingwa wa dunia alionekana akishusha chupa za maji mgongoni kama yanki wa mazoezi. Alishinda hatua tatu kwa jitihada zake na msimu ulipoisha akaondoka. Huyo angalau alijua mapema.

Tour yenyewe ilianza Liège. Siku ya pili ya mbio, yaani hatua ya kwanza, Froome akapata pancha kuelekea mwisho na kupoteza dakika 1 na sekunde 25. Kumbuka namba hiyo. Julai 7 akashinda La Planche des Belles Filles, na Wiggins siku hiyo hiyo akavaa jezi ya njano. Picha nzuri, kila mtu anacheka. Julai 9 Wiggins akashinda mbio za saa za Besançon, Froome wa pili. Bado kila mtu anacheka.

Julai 12, La Toussuire. Wanapanda kundi dogo, Vincenzo Nibali amejaribu kuchomoka na kurudishwa. Zimebaki kilomita chache. Mara Froome anachomoka. Wiggins anaachwa. Si Nibali anayeachwa, si Cadel Evans bingwa mtetezi, ni mwenye jezi ya njano, anaachwa na mtu wake mwenyewe! Kwa sekunde kadhaa dunia nzima ya baiskeli ilisimama. Halafu Sean Yates, aliyekuwa ndani ya gari la timu, akaongea kwenye redio ya sikioni. Froome akashika sikio lake, akapunguza, akasubiri.

Usiku ule hoteli haikuwa na amani. Imesimuliwa baadaye vitabuni kwamba Wiggins alitaka kufungasha virago na kurudi nyumbani akiwa ndani ya jezi ya njano. Wake na wachumba wakaingia Twitter. Mke wa Wiggins akawasifu wasaidizi wengine akaliruka jina la Froome, mchumba wa Froome akajibu. Sisi wa mpira tunazijua hizi. Tunakumbuka Septemba 2017 Paris, Neymar na Edinson Cavani wanagombea mpira wa penalti mbele ya watu, Cavani anapiga, kipa anaokoa. Tunakumbuka Agosti 2019, Burnley, Sadio Mane anatolewa nje huku anafoka kwa sababu Mohamed Salah hakumpa pasi, na Liverpool inaongoza mabao matatu! Msimu wa nyuma yake wawili hao walikuwa wamegawana kiatu cha dhahabu pamoja na Pierre-Emerick Aubameyang, mabao 22 kila mmoja. Unaweza kuongoza tatu bila na bado mtu akawa na njaa.

Tofauti ni kwamba Mane alitoka uwanjani, akaoga, akapoa, na baadaye kulikuwa na mechi nyingine. Kwenye baiskeli, mliogombana mnakula meza moja usiku ule na kesho asubuhi yule uliyemtukana ndiye anakukatia upepo. Mnafanya hivyo siku kumi zaidi.

Sasa swali la kijiweni: Froome aliibiwa Tour ya 2012? Wakenya wengi watakwambia ndiyo, bila kupumua. Nimekaa na kalamu. Wiggins alimshinda Froome kwa dakika 3 na sekunde 21. Siku ya kufungua, mbio fupi za saa Liège, Wiggins alimzidi kwa sekunde 9. Pancha, dakika 1 na sekunde 25. Besançon, sekunde 35. Mbio za saa za mwisho kule Chartres, dakika 1 na sekunde 16. Jumlisha: dakika 3 na sekunde 25. Toa sekunde 2 ambazo Froome alizipata La Planche na sekunde 2 alizozipata La Toussuire. Unabaki na 3:21 kamili. Hakuna kingine. Siku nyingine zote walikwenda sawasawa.

Angalia hesabu hiyo inasema nini. Milimani Wiggins hakumzidi Froome hata sekunde moja. Lakini dhidi ya saa, ambako hakuna redio ya kukwambia subiri, ambako kila mtu yuko na Mungu wake, Wiggins alimzidi dakika mbili kamili. Hizo ni zake halali, hakuna mtu aliyemzuia Froome Chartres. Ili ashinde, Froome alihitaji kufuta dakika hizo mbili na ile ya pancha katika siku mbili tatu za milima. La Toussuire alizuiwa zikiwa zimebaki kilomita chache. Peyragudes labda angepata nusu dakika, labda zaidi. Mimi sioni 3:21. Wanaosema aliibiwa Tour wanazidisha.

Lakini nitazame ile pancha, maana wengi wanairuka. Wiggins angepata pancha siku ile, timu nzima ingesimama. Watu saba wangemzunguka, wangemrudisha kwenye kundi, labda angepoteza sekunde chache au asipoteze kabisa. Namba mbili akipata pancha anabadilishiwa tairi na anaambiwa pambana. Kwa hiyo kabla hata milima haijaonekana, tofauti ya kuwa namba moja na namba mbili ilikuwa imeshamgharimu zaidi ya theluthi ya kile alichoshindwa nacho. Hapo ndipo uongozi wa timu unapoonekana. Hauko kwenye klipu ya Peyragudes. Uko kwenye tairi la siku ya pili, ambalo hakuna aliyelirekodi na kulirusha mtandaoni.

Ndiyo maana namtetea Yates kwa ile amri ya redio na simtetei Brailsford. Yates alikuwa garini, ana mtu katika jezi ya njano, ana mbio za saa mbele ambazo anajua watazishinda. Kumruhusu Froome aende ni kumvunja Wiggins mbele ya Nibali. Meneja yeyote angefanya vile. Lakini amri ile ilitakiwa itolewe Machi, kwenye meza, mlango umefungwa, Froome akiwa na nafasi ya kusema sikubali na kutafuta timu nyingine. Ukimwambia mtu "wewe ni wa pili" miezi minne kabla, anaweza kununa na bado akajipanga. Ukimwambia akiwa anapanda mlima kwa mapigo ya moyo 180, unakuwa umemdhalilisha.

Niliwahi kukaa na kiongozi wa klabu moja hapa nchini, simtaji, akaniambia kwa majivuno kwamba amewasajili viungo wawili wa namba kumi na wote amewahakikishia namba. Nikamuuliza itakuwaje. Akasema, "Kocha ataamua." Kocha aliondoka kabla ya Krismasi na wale wawili hawakusalimiana mpaka msimu unaisha. Kiongozi yule hakuwa mjinga. Alitaka saini mbili na akazipata.

Sky nao walipata walichotaka. Wiggins akawa Mwingereza wa kwanza kushinda Tour, Froome wa pili, Nibali nyuma yao zaidi ya dakika sita. Ukitazama matokeo tu utasema walipatia. Mimi natazama yaliyofuata. Mwaka 2013 Froome akapewa timu, akashinda Tour ya 100. Wiggins hakuwepo, alikuwa amepelekwa Giro, akaugua, akatoka. Mwaka 2014 Tour ilianzia Uingereza kwao, Yorkshire, na Wiggins akaachwa nyumbani ili Froome asipate presha. Hatua ya tano Froome akaanguka, akatoka, na Sky wakabaki hawana mtu. Nibali akabeba. Wiggins hakuwahi kuendesha Tour nyingine tena baada ya ile aliyoshinda. Bingwa mmoja ilibidi amezwe ili mwingine akae.

Nani alijifunza? Froome mwenyewe, nadhani. Mwaka 2018 alikuja Ufaransa akiwa na Tour nne tayari, 2013, 2015, 2016 na 2017, na Giro aliyoshinda mwezi Mei. Pembeni yake alikuwa Geraint Thomas, mbeba maji wake wa miaka yote, mtu ambaye mwaka 2013 alipasuka nyonga siku ya kwanza na akaendesha wiki tatu nzima kwa ajili yake. Safari hii Thomas ndiye aliyekuwa na miguu. Waandishi tulikaa mkao wa kula, tukisubiri La Toussuire nyingine. Siku ya mlima Portet, Froome alipohisi anaachwa, yeye mwenyewe alisema kwenye redio kwamba hayuko vizuri, Thomas aende. Thomas akashinda Tour. Froome akamaliza wa tatu. Hakukuwa na Twitter ya wachumba.

Jumbo-Visma wa Uholanzi hawakuwa wamesoma. Vuelta ya 2023 walikuwa na Primož Roglič aliyeshinda Giro mwaka huo, Jonas Vingegaard aliyeshinda Tour mwaka huo, na Sepp Kuss, Mmarekani mpole, aliyewasaidia wote wawili katika mbio zote hizo. Ghafla mpole ndiye aliyevaa jezi nyekundu. Wakubwa wakasema njia iko wazi kwa kila mtu. Vingegaard akamshambulia. Kwenye Angliru, ule ule wa Wiggins, Roglič na Vingegaard wakamuacha Kuss, akaponea kubaki na jezi kwa sekunde 8. Watu duniani kote wakakasirika, wengine hata hawajui baiskeli ina gia ngapi. Ndipo uongozi ukatoa amri kwamba sasa ni Kuss. Akashinda kwa sekunde 17 mbele ya Vingegaard. Amri ileile, ingetolewa wiki moja kabla, isingemwaibisha mtu.

Nimemjibu mdogo wangu wa Temeke kwamba si ujinga, ila Froome hakutakiwa kuwekwa mahali pale. Akanijibu kwamba bado angekuwa yeye, asingesubiri. Sawa. Nikamwambia Julai ikifika, asitazame kilele tu. Awashe televisheni mapema, kukiwa tambarare na wachambuzi wanapiga miayo, atafute nani anarudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa, na akirudi mbele anampa nani kwanza.